Mwaka Alioanguka Bayombe

Tulikuwa jikoni katika matanga ya baba mkwe wangu, wanawake tumezunguka masufuria, macho mekundu kwa moshi na kwa kilio, wifi yangu Kabula alipoanza kucheka. Kwanza alijizuia. Akaficha uso kwenye kanga, mabega yakawa yanamtikisika, hata jirani mmoja akadhani msiba umemzidi, akamshika mkono. "Niache," Kabula akasema akijifuta machozi, "nimemkumbuka mzee akiongea na mbwa wake." Kisha akanitazama mimi. Wale wake za wajukuu waliotoka Bariadi na Mwanza hawakuelewa, nasi hatukuwaeleza. Niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na kihenge cha mtama na ambapo leo pana tangi la maji, nikaketi kivulini. Watu waliponipitia walinipa pole, nami niliitikia, lakini sikuwa na msiba wakati ule. Nilikuwa binti wa miaka ishirini, bibi harusi mgeni, na mvua ilikuwa ikinyesha juu ya pamba changa.

Nililetwa kijijini Zagayu kutoka mji wa Nyalikungu mwishoni mwa kiangazi, vumbi likiwa limelala juu ya kila kitu. Mume wangu, Masanja, alikaa nami majuma machache tu, kisha akaenda machimboni kutafuta maisha kama vijana wenzake, akaniacha katika chumba chenye kitanda cha kamba, sanduku langu la bati, na magunia ya mbegu za pamba yaliyopangwa hadi karibu na paa. Mbegu zile zilikuwa na harufu ya mafuta yaliyochacha kidogo. Mpaka leo nikipita karibu na kiwanda cha kuchambulia pamba pale mjini Bariadi, nikivuta ile harufu, mwili wangu unarudi kuwa mwili wa bibi harusi: shingo inainama yenyewe, sauti inapungua. Ukuta wa udongo ulionitenga na chumba cha wakwe zangu haukufika juu. Alfajiri, kabla jogoo hawajamaliza, niliwasikia wakizungumza, mkwe wangu wa kike, tuliyemwita Mayu, akisema mengi na baba mkwe akijibu machache. Nilisikiliza nikiwa kati ya usingizi na kuamka, na sauti zao zikachanganyika na ndoto zangu hivi kwamba mara nyingine nilidhani nimeota waliyoyasema, na mara nyingine nilidhani wamesema niliyoyaota.

Katika nyumba ile walishika desturi ya zamani. Mke wa mwana hazungumzi na baba mkwe. Salamu, ndiyo: asubuhi unapiga magoti mbali kidogo, unaangalia chini, unasema "Mwangaluka, baba," naye anaitikia akiangalia kwingine. Zaidi ya hapo, hakuna. Chakula chake alipelekewa na Kabula, ambaye alikuwa msichana mkubwa bado hajaolewa. Tukikutana njiani nilitoka njiani, nikasimama kwenye majani mpaka apite. Sisemi kwamba alikuwa mkali. Alikuwa mrefu, mkimya, ana shuka lake jeusi na nyonga iliyomsumbua tangu alipoangushwa na fahali, na mimi nilimjua zaidi kwa miguu yake kuliko kwa uso. Na kila ilipokuwa miguu yake, nyuma yake ilikuwa miguu minne ya mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Bayombe, yaani waache waseme. Alipewa jina hilo kwa ajili ya jirani mmoja waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Kila mzee alipomwita mbwa wake kwa sauti, jirani alipata ujumbe. Alikuwa mbwa wa rangi ya majivu, kifua kipana, sikio moja limechanika. Asubuhi alikwenda na ng'ombe na jioni alirudi nao, kisha alilala mbele ya mlango wa mzee. Mimi sikumpenda wala sikumchukia. Kwetu Nyalikungu mbwa alikuwa kitu cha kufukuzwa dukani.

Asubuhi moja, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha usiku kucha, nilitoka na ufagio nikamwona anajaribu kuinuka. Sehemu ya mbele iliinuka, ya nyuma ikabaki chini kama nguo iliyolowa. Akajaribu tena. Akageuza kichwa akaitazama miguu yake ya nyuma, kwa mshangao kabisa, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa kwenye kiti chake. Shemeji yangu Jilala, ndugu mdogo wa mume wangu, ndiye aliyefika kwanza. Akampapasa mwili mzima akitafuta alama za meno ya nyoka, kidonda, mfupa uliovunjika. Hakukuwa na kitu. Mzee alitoka, akasimama juu ya mbwa wake, akamwita taratibu. Mkia haukutikisika. Baada ya siku chache hata miguu ya mbele ikalegea, kichwa tu kikabaki hai, na macho. Na sauti yake ya kubweka ikabadilika, ikawa nyembamba yenye kukwaruza, sauti ya mbwa mwingine aliye mbali sana.

Bwana mifugo alikuja kwa pikipiki, ametapakaa tope hadi magotini. Alitusimamisha sote mbali akavaa mifuko ya plastiki mikononi. Alimbana vidole vya miguu, akamfunua midomo kwa kijiti, akamwangalia muda mrefu. "Cha kwanza ninachokiogopa ni kichaa," akasema. "Mtu yeyote asiguse mate yake. Chakula mpeni kwa kitu kirefu. Akiwa nacho hatamaliza wiki mbili." Mzee akauliza: "Na akizimaliza?" Bwana mifugo akavua ile mifuko, akatikisa kichwa. "Akizimaliza, mzee wangu, basi ni kitu kingine, na hicho kingine sikijui. Nimewahi kuona mmoja kama huyu, akafa. Nasikia wengine huinuka. Mgeuzeni ubavu kila mara, asioze akiwa hai."

Nani wa kumgeuza? Ulikuwa msimu wa kulima. Jilala na Kabula na Mayu walikwenda shambani na maksai tangu mapema, nami niliachwa nyumbani kupika, kwa kuwa bibi harusi hakupaswa bado kuonekana ovyo mashambani. Mzee naye, nyonga ile ikikataa kufuata jembe, alibaki. Walimweka mbwa chini ya ukingo wa kihenge, mahali pakavu, karibu na jiko langu. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemlisha, kwa upawa wa mpini mrefu, uji wa mtama na maziwa ya mgando, nikiwa nimesimama mbali kama mtu anayelisha moto. Alikula. Kila siku alikula, akanywa maji, akanitazama. Wiki zile mbili zikapita, na bado alikula. Ndipo nilipoweka upawa chini nikapiga magoti, nikaingiza mikono yangu chini ya mbavu zake. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na wa moto, na moyo wake ulipiga kwenye viganja vyangu. Nikamgeuza. Nikamtandikia gunia lililojazwa mabaki ya pamba. Kutoka upande wa pili wa uwanja, mzee kwenye kigoda chake alikohoa, nami nikainamisha uso haraka.

Lakini kuondoka kwa hofu ya kichaa kulifungua mlango wa hofu nyingine. Alfajiri moja nilisikia jina langu likipita juu ya ukuta. Mayu alikuwa akisema kwamba mbwa hakuwahi kuumwa hata siku moja mpaka yule mtoto wa mjini alipoingia. Alikuwa amekwenda kwa mganga kule Nkololo, mganga ameangalia, amesema ugonjwa umeingia na mguu mpya. "Mguu mpya ni wa nani hapa?" aliuliza. "Si wa Velonika? Na Masanja mwenyewe yuko wapi? Hakuna hata salamu. Leo mbwa, kesho nani?" Nilijilaza nikitazama magunia. Mvua ilikuwa nyepesi juu ya bati. Nakumbuka sikulia, nilihesabu mishono ya gunia lililo karibu, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Kisha nikasikia kitanda cha upande wa pili kikilia, mzee akijigeuza. "Mbwa hajaniambia hivyo," akasema.

Sijui kama ni siku ileile au iliyofuata. Katika kumbukumbu zangu adhuhuri za msimu ule zimeungana zikawa moja, ndefu, ya kijani, yenye mvuke ukipanda kutoka ardhini na sauti ya chura kwenye lambo. Nilikuwa nimemgeuza Bayombe na kumpa maji. Chunguni ilikuwa ikichemka michembe, vile viazi vikavu, niliyotaka kuichanganya na karanga. Mzee alileta kigoda chake upande wa pili wa mbwa, akaketi bila kuniangalia, akiangalia zizi. Akasema: "Bayombe. Yule anayekugeuza, mwambie upande wa kushoto una joto. Leo akulaze wa kulia kwa muda mrefu."

Niliganda na mwiko mkononi. Hakuwa amesema nami. Hakuna mtu angeweza kusema kwamba amesema nami. Nikainuka, nikampapasa mbwa ubavu wa kushoto. Kweli, ngozi ilikuwa nyekundu, inaanza kuchubuka. Nikamlaza wa kulia, nikampaka samli. Nikarudi kwenye chungu. Siku iliyofuata alikuja tena na kigoda, akauliza: "Bayombe, umelalaje?" Akasubiri. Mbwa alitweta. Nami, sijui nilipata wapi ulimi, nikamwambia mbwa: "Bayombe, mwambie baba umelala vizuri. Kidonda kimekauka. Ila asubuhi hukumaliza uji."

"Muulize kwa nini hukumaliza," mzee akasema.

"Mwambie uji ulikuwa wa moto kidogo. Jiko lilinizidi."

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka; ulikuwa mlio mdogo kifuani, kama mtu anayesafisha koo.

Ndivyo tulivyoanza. Mchana wote wakiwa shambani, sisi wawili tulizungumza na mbwa. Alimuuliza Bayombe kama kule Nyalikungu watu hulala na mlango wazi, naye Bayombe alijibiwa kwamba hapana, hufungwa kwa kufuli, na mzee alimhurumia Bayombe kwa habari hiyo. Alimsimulia alivyomchukua akiwa mdogo, akiwa amewekwa ndani ya kibuyu kilichokatwa, amenyeshewa. Alimsimulia juu ya fahali aliyemvunja nyonga, jinsi alivyolala miezi mingi ndani ya nyumba akisikia watu wakinong'ona kwamba amerogwa na ndugu yake, na jinsi ndugu yule alivyohama kwa aibu ya jambo ambalo hakulifanya, hakurudi tena. Aliposema hilo nilisahau jiko, na wali wa kunde nilioupika siku hiyo ukashika chini. Mimi nilimwambia Bayombe kwamba naogopa. Kwamba Masanja hajaleta neno. Kwamba nasikia yanayosemwa alfajiri. Mzee alichukua kijiti akachora mistari kwenye udongo. "Bayombe," akasema mwishowe, "hata baba yake Masanja haleti neno huko ndani. Ni ukoo wa watu wa kunyamaza. Mwambie asidhani kunyamaza ni kuondoka."

Nimeishi muda mrefu baada ya hapo. Nimelea watoto, nimeuza vitenge sokoni Bariadi, nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali nikisubiri madaktari wanieleze kilichompata huyu au yule. Nimezungumza na watu wengi macho kwa macho, na wengi wao sikumbuki walichosema. Maneno yaliyopita juu ya mgongo wa mbwa yule nayakumbuka yote.

Choroko zilipoanza kukauka shambani, baba mkubwa wa Masanja, si yule ndugu aliyehama, alikuja kutoka mbali pamoja na wazee wawili wa ukoo. Nilijua wamekujia nini kwa sababu Mayu alichinja kuku na hakuniruhusu nimpike. Waliketi sebuleni. Mimi niliambiwa nikae chumbani mwangu, na ukuta ule ukafanya kazi yake. Baba mkubwa alizungumza vizuri, bila hasira. Alisema hakuna anayemchukia mtoto wa watu. Alisema arudishwe kwao Nyalikungu kwa heshima, mpaka mumewe apatikane, na huko wazazi wake watajua la kufanya. Nyumba isafishwe, masamva wapewe pombe yao, maana mizimu ya ukoo haipendi kupuuzwa. Na mbwa amalizwe, kwa kuwa amelala nusu mwaka sasa, si mzima wala mfu, na kitu cha namna hiyo hakifai kulala mlangoni pa watu. Jilala alisema rungu lipo. Mayu hakusema kitu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Na wewe mwenye mji?" baba mkubwa akauliza.

Nikasikia mzee akisogeza kigoda. "Huyu mtoto namfahamu," akasema. "Tumezungumza."

"Umezungumza na mke wa mwanao?" sauti ya baba mkubwa ilipanda.

"Nimezungumza na mbwa wangu. Yeye alikuwepo."

Mmoja wa wale wazee alikohoa, au alicheka, sijui. Mzee akaendelea taratibu, na hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyowahi kumsikia akiyasema mbele ya watu. Alisema hivi: mimi nililala humu ndani na nyonga iliyovunjika, nikawaacha mniambie nani kanivunja, na nikampoteza ndugu. Fahali ndiye aliyenivunja. Nilimwona kwa macho yangu, na bado niliacha mseme. Huyu mbwa hajui kilichompata, mimi sijui, bwana mifugo mwenye pikipiki hajui. Basi tukae bila kujua. Mwenye kuleta ugonjwa haamki kila siku kumgeuza mgonjwa. Mtoto haondoki, na mbwa hauawi. Kuku ameiva, tule.

Nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye magunia. Hapo ndipo nililia, nimeuma ncha ya kanga ili ukuta usinisaliti.

Jioni ile Mayu aliingia chumbani kwangu, mara ya kwanza tangu nifike. Alisimama akitazama sanduku langu. Akasema, "Velonika, kesho utakwenda nami kuchuma choroko. Jua litakuzoea." Akatoka. Hatukuwahi kusema zaidi ya hapo kuhusu jambo lile, mimi na yeye, hata alipozeeka nikamwogesha kwa mikono yangu.

Mkia ndio uliorudi kwanza. Nilikuwa nikimlisha nikaona ncha yake imeinuka, ikaanguka, kama kidole cha mtu anayeota. Sikumwambia mtu, niliogopa kuwa nimeuona peke yangu. Lakini mchana mzee alipoleta kigoda na kumwita, mkia ule ulipiga gunia, pu, na sote wawili tukamwinamia mbwa, tukasahau hata kumpa ujumbe. Kisha miguu ya mbele ikashika. Alijiburuta hadi jikoni. Pamba ilipoanza kupasuka, uwanja mzima ukiwa mweupe kwa pamba iliyoanikwa, aliinuka kwa yote minne, akayumba kama ndama aliyezaliwa sasa hivi, akaangukia katikati ya pamba. Kabula alipiga kigelegele mpaka majirani wakaja mbio wakidhani Masanja amerudi. Mayu alisema ni masamva, kwa kuwa alikuwa amewamwagia pombe kimyakimya. Mimi nilikuwa nimesali rozari. Jilala alisema ni mzizi fulani aliompa. Bwana mifugo alipopita alimtazama akicheka, akasema, "Mimi niwaambieni nini?" akawasha pikipiki yake.

Hatimaye alirudi kwenda na ng'ombe, nyuma kidogo, akichechemea kwa namna yake. Na mchana ukawa mtupu. Mzee alileta kigoda chake karibu na kihenge kama kawaida, nami nikapika kama kawaida, na kati yetu palikuwa na gunia lililobonyea. Hatukuwa na njia. Nilikuna nazi ya maneno kichwani siku nzima nisipate tui. Nilimpikia vitu nilivyojua anavipenda, mlenda, samaki wadogo wa Mwanza, nikampa Kabula apeleke, na Kabula alirudi akisema, "Amekula chote," na hayo ndiyo yaliyobaki kuwa mazungumzo yetu.

Masanja alirudi mwisho wa msimu wa pamba, amekonda, ana kikohozi na ana aibu, na hakuwa na dhahabu yoyote. Alikuwa amepata kazi ya ulinzi mjini Bariadi na chumba cha kupanga. Tuondoke, akasema. Nilifunga sanduku langu. Mayu alinifungia michembe kwenye kitambaa, mingi kuliko tungeweza kula. Kisha ilinibidi nikamuage baba mkwe.

Alikuwa amesimama kwenye lango la zizi, zizi tupu, ng'ombe walikwishatoka. Nikapiga magoti mahali pangu pa siku zote, nikaangalia chini. "Mwangaluka, baba." Akaitikia. Hapo ndipo nilipaswa kuinuka. Sikuinuka. Niliona miguu yake ikigeuka upande huu, ikageuka upande ule, na nikaelewa kuwa anamtafuta mbwa. Tulikaa hivyo. Masanja alikuwa amekwishafunga sanduku kwenye baiskeli na anasubiri njiani. Mayu alikuwa uwanjani nyuma yangu akipepeta choroko, na mlio wa ungo ulikwenda na kurudi, ukaenda na kurudi.

"Velonika," baba mkwe akasema.

Niliinua uso. Alikuwa na macho mepesi, ya kahawia, madogo kuliko nilivyodhani.

"Bee, baba."

"Mbwa hayupo."

"Hayupo, baba. Amekwenda na ng'ombe."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia habari nzito na kuikubali. "Wabeja," akasema. Asante. "Nenda vizuri, mwanangu."

Nyuma yangu ungo ulinyamaza. Kisha, baada ya muda, Mayu akaendelea kupepeta.